Ngoma ya Saadani Niliyoiuza kwa Pilau ya Miono

Mmeniuliza msikitini, mmeniuliza kwenye bao, na juzi Bi Tatu wa gengeni kanishikia mchicha wangu hataki kunipa mpaka nimwambie yule Mzungu mwenye mfuko mweusi alinipeleka wapi, na kwa nini nimerudi kimya. Haya. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya jipu, lakini kuandika najua. Naandika mara moja, msomeane, kisha mniache nile mchicha wangu kwa amani.

Habari za nani kakodi gari na vibali vya kuingia mbugani siandiki. Hazina utamu, na mimi sikuzishughulikia.

Zinga, kibarazani kwangu

Tulipatana saa kumi na mbili asubuhi. Gari likafika saa tatu. Mimi nimevaa kanzu tangu alfajiri, nimekaa kibarazani na kikapu changu, kila anayepita ananiuliza kama safari imeghairiwa. Dereva alikuwa Mama Salma, mwanamke wa Tabora aliyeolewa Bagamoyo zamani, mtu mzima, mikono kama ya seremala. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na utani wetu mnaujua. Hajazima hata injini keshaanza.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Saa tatu hii."

"Babu zangu walitoka Tabora kwa miguu, pembe za ndovu kichwani, miezi mitatu. Ninyi Wazaramo mkiwasubiri hapa hapa mmekaa. Leo saa tatu tu zimekushinda?"

Nyuma akashuka Mwalimu Gabori. Mzee kama mimi, nywele zimemkimbia, fimbo mkononi, na mfuko mrefu mweusi ambao majirani waliamua ni bunduki. Kumbe kinanda cha betri. Akanifungulia mikono, akasema kwa sauti: "Marahaba!"

Msimcheke. Mwalimu Gabori ni Mhungaria. Hungaria ni nchi isiyo na bahari hata kidogo, na mtu wa namna hiyo huonewa huruma kwanza. Miaka kama arobaini nyuma, enzi zile nchi yao na yetu zilikuwa ndugu wa siasa, aliletwa Bagamoyo kufundisha muziki mwaka mmoja, na mimi nilikuwa mpishi wake. Kila mtu pale alimwamkia shikamoo, yeye akajifunza jibu tu. Kiswahili chake chote nilimfundisha mimi, jikoni, kwa hiyo ni Kiswahili cha jikoni. Neno alilolipenda kupita yote ni "rudia." Wali ukiungua: rudia. Chai ikiwa nyepesi: rudia. Ndivyo alivyofundisha na wanafunzi wake, sikusikia neno jingine likitoka katika lile darasa.

Tulipokwisha kusalimiana akanishika mkono. "Asumani," akasema, maana Athumani hajawahi kuliweza, "mimi nataka radhi."

Neno radhi analijua kwa sababu nililitumia sana, kila nilipounguza kitu.

Radhi yenyewe ya Mzee Shomari wa Saadani. Mwaka ule alipokuwa hapa nilimpeleka Saadani kusikiliza ngoma ya huyo Shomari, aliyekuwa fundi wa ngoma pwani nzima. Gabori akairekodi kwa kinasa sauti chake cha mikanda, akaenda nayo kwao, akaitungia muziki wa piano. Muziki huo ukampa jina, ukampa kazi, ukampa na mke wa pili. Na popote ulipoandikwa, umeandikwa mtunzi ni yeye. Shomari hayumo. Sasa vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeanza kufa ganzi, mwezi ujao anapiga kwa mara ya mwisho mbele ya watu, kisha anafunga kinanda. Hawezi kuupiga bila radhi ya mwenyewe. Ndiyo safari hiyo.

Nikamwambia vyema sana, ni jambo la kiungwana. Na moyoni nikasema, Athumani, leo umekwisha.

Nawaambia ninyi jambo ambalo yeye sikumwambia. Siku ile Saadani tulifika mapema mno. Shomari na wenzake walikuwa hawajaanza ngoma. Walikuwa wamewasha makuti, wanazipasha moto ngoma ili ngozi zikaze, kama kila mpigaji wa huku anavyofanya. Unaipiga mara mbili, unasikiliza, bado, unaigeuza kwenye moto, unaipiga tena. Gabori akawasha kinasa chake, akafumba macho. Mara lori la samaki tulilokuja nalo likapiga honi, linaondoka. Nami nilikuwa nimealikwa Miono, kwenye harusi, na harusi maana yake pilau. Gabori akaniuliza: "Ngoma ndiyo hii?" Nikasema: "Ndiyo hii hii, Mwalimu. Imekwisha. Twende."

Nimeuza ngoma ya watu kwa sahani ya pilau. Na tulipofika Miono pilau imekwisha, tukapewa ukoko.

Bagamoyo mpaka Msata

Njia fupi ya Makurunge ilikuwa na matope, mvua za masika hazijakwisha, kwa hiyo Mama Salma akasema tuzunguke Msata, tupite Mandera na Miono. Nikasikia neno Miono nikaanza kutoka jasho.

Lakini kwanza tulisimama Bagamoyo mjini, kwa sababu Gabori alitaka kumwonyesha Mama Salma jiko letu la zamani. Sasa ni duka la kuchaji simu. Akasimama mlangoni akamweleza muuzaji kwamba hapa ndipo alipokuwa anakula pweza. Muuzaji akamwambia pweza hakuna, kuna vocha. Tukapoteza saa nzima, maana Gabori hakutaka kuondoka bila kununua kitu, akanunua vocha, na simu yake ni ya kwao, haiingii.

Barabara ya Msata ni ya lami, nzuri, na kwenye lami mtu husimulia. Akatusimulia maisha yake yote kwa maneno ya jikoni. Baba yake alikuwa mhudumu katika hoteli ya Budapest, na yeye akaanza kupiga piano pale pale, mtoto wa miaka kumi na sita, watu wakitafuna.

"Miaka saba napiga," akasema, "hakuna mtu anasikia. Wanasikia supu."

Kisha akapenda jazi. Mama Salma akachangamka, akasema hata Tabora walikuwa na bendi za jazi, magitaa manne na tarumbeta, watu wanacheza mpaka viatu vinafumuka. Gabori akasema jazi ya kwao watu hawachezi, wanakaa kwenye viti wanafikiri.

"Wanafikiri nini?" akauliza Mama Salma.

Gabori akatafakari. "Wanafikiri kwamba wanaelewa."

Nikamuuliza habari za mke wa kwanza, maana nilimfahamu kwa barua zake. Akasema: "Aliungua."

Sote wawili tukasema inna lillahi. Mama Salma akapunguza mwendo kwa heshima. Maili nzima tumenyamaza, mpaka Gabori mwenyewe akashangaa, akaeleza kwamba mke ni mzima, ana wajukuu. Kilichoungua ni ndoa, sufuria iliachwa motoni mno yeye akiwa safarini na muziki wake. Mama Salma akaongeza mwendo tena, amekasirika, kwa sababu alikwisha kuanza kumlilia.

Nilichotaka kujua hasa ni huo muziki wenyewe. Akasema unaitwa Moto wa Saadani. Nikakohoa. Akasema kilichowashangaza watu wa kwao ni ule ukimya. Ngoma inalia mara mbili, inanyamaza, kimya kirefu, halafu mara moja tu, halafu kimya tena, huwezi kukisia lini itarudi. Maprofesa wameandika juu ya ukimya ule. Miaka thelathini na zaidi amefundisha katika chuo kikubwa cha muziki, na hakuna mwanafunzi aliyemaliza bila kuupiga ule ukimya sawasawa.

"Na asiyeweza?"

"Rudia. Asiyeweza tena, anafeli."

Nikatazama nje ya dirisha. Kuna watoto wa watu huko Hungaria wamefeli mtihani, wamerudi kwa mama zao wanalia, kwa sababu hawakujua ni muda gani Shomari alihitaji kugeuza ngoma kwenye moto. Na kwa sababu mimi nilikuwa na njaa.

Miono

Tulifika Miono saa saba na nusu. Nilisema tusisimame. Mama Salma akasema gari halili lakini yeye anakula. Tukaingia kwa mama mmoja mnene mwenye mikeka na sufuria tatu, tukanawa, akatuuliza tunakula nini, ana ugali, wali, na kwa bahati ana pilau. Gabori akainua kidole.

"Mimi naomba ukoko."

Yule mama akadhani hajasikia vizuri. "Babu anataka nini?"

"Ukoko," akasema Gabori, na uso wake ukang'aa. "Hapa Miono, zamani, nilikula ukoko. Chakula cha wageni."

Kumbe usiku ule wa harusi, tulipopewa yale makombo ya chini ya sufuria, nilimwambia kwamba ndiyo heshima ya mgeni. Ningesemaje? Mgeni kakosa pilau kwa ajili yangu. Miaka arobaini mtu wa watu amekaa na fahari kwamba alipewa sehemu ya heshima.

Yule mama akanitazama. Mama Salma akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

"Mpe," nikasema.

Akala ukoko wote, akafunga macho, akasifu. Wanawake wote wa jikoni wakaja kumwangalia. Mimi nililetewa pilau, ina nyama mbili kubwa, na wallahi nikamsogezea Mama Salma sahani yangu. Hapo ndipo nilipotaka kusema yote. Nikasema moyoni, mwambie sasa, akimwambia mwingine itakuwa vibaya zaidi. Lakini mtu anakula kwa furaha, utamkatiza?

Mama Salma akanivuta kando tulipokuwa tunanawa. "Mtani, wewe una jambo. Jasho lote hili si la pilipili."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo mzee wa watu anakwenda kuomba radhi ya kitu ambacho hakukichukua."

"Ndiyo."

"Na ukimwambia, hana tena huo muziki wake."

"Ndiyo."

"Na usipomwambia, Shomari atamwambia mbele ya watu."

"Mama Salma, hayo yote najua."

"Ninyi Wazaramo," akasema, "tuliwaletea pembe za ndovu, mkasema mmezikamata wenyewe." Akaingia garini. Lakini hakumwambia kitu, na kwa hilo Mungu ambariki.

Miono mpaka Saadani

Baada ya Mkange lami hakuna, na mvua ilikuwa imelainisha kila kitu. Tulikwama mara mbili. Mara ya kwanza tukatoka kwa kukata matawi. Mara ya pili tukakaa karibu saa nzima, gurudumu moja limezama mpaka mhimili, na twiga amesimama ng'ambo anatutafunia. Gabori alimtazama yule twiga sana. Akasema anatafuna kwa mapigo matano, yaani hata hapo anahesabu. Wafanyakazi wa mbuga wakatukuta, wakatuvuta kwa kamba, wakamwuliza Mama Salma kama hana mume wa kuendesha gari. Akawajibu kwamba anaye, ndiye aliyemfundisha kukwama.

Njiani tukamfundisha Gabori neno shikamoo. Mama Salma alimwambia Shomari ni mkubwa wake, akimwambia marahaba kabla ya kuamkiwa hata radhi ya maji hatapata. Akarudiarudia kama mtoto wa chuoni: shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Saadani tuliingia alasiri. Harufu ya uduvi imetulaki mwanzo wa kijiji. Nyumba ya Mzee Shomari tulionyeshwa na binti yake, Mwanahawa, mwanamke mtu mzima, alikuwa anaanua uduvi kwenye chanja. Kanitazama akasema: "Wewe si ndiye mpishi uliyemkimbiza Mzungu na lori la samaki?" Nikasema hapana, huenda ni mwingine.

Shomari alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba nje, mwembamba kama mpini, mikono imekunjamana, vidole havinyooki. Macho yake mazima, masikio yake mazima kupita kiasi.

Gabori akainama na fimbo yake. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Shomari, na Gabori, mzee yule, akaanza kulengwa na machozi kabla hata ya kuketi.

Akasema aliyokuja kusema. Kwa Kiswahili cha jikoni, lakini kila mtu alielewa. Kwamba alichukua chakula katika sufuria ya mtu mwingine, akakiuza miaka yote kwa jina lake, akashiba yeye na nyumba yake. Kwamba sasa mkono umechoka, anataka kupakua mara ya mwisho, na hataki kupakua bila mwenyewe kukubali.

Shomari akasema: "Mimi sijui nimeibiwa nini. Nipigie nisikie."

Mwanahawa akageuza kinu, tukaweka kinanda juu yake. Majirani wakaja. Mimi nikasogea mpaka nyuma ya chanja.

Gabori akapiga. Sijui muziki wa viti, lakini nawaambia kweli, ulikuwa mzuri. Vidole vya kulia vinakwenda kama mvua, vya kushoto vinagonga ile ngoma: mara mbili, kimya. Kimya kirefu. Mara moja. Mara tatu za harakaharaka. Kimya. Halafu akafika mahali akainua mikono yote miwili juu, akageuza uso, akakohoa. Kwa makusudi, kikohozi kikavu, mara mbili. Kimeandikwa hivyo, alitueleza baadaye. Katika kumbi za kwao watu hushika pumzi wakikingoja.

Shomari akainua kichwa. "Hicho kikohozi changu."

Majirani wakaanza kuchekacheka. Gabori hakuelewa, akaendelea, amefumba macho. Mara mbili, kimya. Watu wamekaa wanangoja. Mmoja akaanza kupiga makofi taratibu akaacha, maana hakukuwa na pa kuingilia. Wanawake wawili walikuwa wamekwisha kufunga kanga viunoni tayari kucheza. Muziki ukafika mwisho, Gabori akashusha mikono, na kijiji kizima kikaendelea kumtazama.

Shomari akamgeukia binti yake, akauliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza kama chai iko tayari:

"Ngoma imekwisha kukaza hii. Mbona haanzi?"

Neno kuanza Gabori analijua. Nilimfundisha mimi. Alikaa pale na mikono juu ya kinanda. Niliona akirudi nyuma, mwaka kwa mwaka, chuo, mitihani, maprofesa, mke wa pili, mpaka kwenye makuti yanayowaka na lori linapiga honi. Kisha akageuza kichwa polepole, akanitafuta nyuma ya chanja.

"Asumani."

Nikatoka. "Naam, Mwalimu."

"Ngoma ilikuwa bado?"

"Ilikuwa bado."

"Kwa nini?"

Nikasema: "Pilau."

Sikutegemea atacheka, na hakucheka. Alikaa kimya muda ambao hata wanafunzi wake wasingeuweza. Kisha akamwuliza Shomari swali moja: "Ngoma yenyewe ni ipi?"

Shomari akamwonyesha mikono yake iliyokunjamana. Ikabidi amfundishe kwa mdomo. Akaiimba ngoma, ti ti pa, tiki pa, na kiganja kikipapasa goti. Gabori akajaribu kwenye kinanda. Shomari akatikisa kichwa. Akajaribu tena, Shomari akatikisa kichwa, na Mwanahawa, mikono imejaa magamba ya uduvi, akasema: "Pale pa tatu unawahi, babu. Subiri mguu ufike chini."

"Rudia," akasema Shomari.

Wakakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Mtu aliyefelisha nusu ya Hungaria, kinu mbele yake, anafeli kila mara pale pale pa tatu, na anaomba tena. Kuhusu radhi, alipoiomba kwa mara ya mwisho, Shomari alisema: "Kukohoa kwangu nakupa bure. Kupasha ngoma moto hakuna mwenyewe. Hii ya leo ndiyo yangu, nenda nayo, ila usiseme umeiweza."

Kurudi

Tulilala kwa Mwanahawa, tukaondoka asubuhi. Toka Saadani mpaka Mkange Gabori alinipa kisogo, anatazama matope. Mama Salma alinitazama kwenye kioo mara kadhaa, hata kunitukana hakunitukana, nikajua hali ni mbaya. Nikasema: "Mwalimu, nisamehe. Ukipenda nishushe hapa, nitakwenda kwa miguu kama babu zake huyu."

Tulipofika Miono, Gabori akasema: "Simama."

Tukaingia kwa yule mama mnene, tukakaa kwenye mkeka ule ule. Gabori akainua kidole. "Mimi naomba pilau," akasema. Kisha akaniashiria mimi kwa fimbo. "Yeye, ukoko."

Yule mama akaleta. Gabori akala sahani nzima mbele yangu, nyama mbili, kachumbari, ndizi, bila haraka, akinitazama. Nami nikatafuna ukoko. Mgumu, umeungua upande mmoja. Sikuacha hata punje, nilijua ninachokula ni radhi.

"Kumbe pilau ni tamu," akasema. Nikamuuliza mwezi ujao atawapigia nini wale watu wake wa viti. Akasema atapiga ile ile, na kikohozi chake. Kisha atasimama awaambie kwamba hiyo ilikuwa kupasha moto tu, jina la mwenye ngoma ni Shomari wa Saadani, na sasa anaanza. Vidole vitakavyoweza ndivyo vitakavyopiga.

Akafuta mikono, akaanza kugonga ile ngoma kwenye ukingo wa sinia. Ti ti pa, tiki pa. Mama wa sufuria akaacha mwiko akasikiliza. Alipofika pale pa tatu akawahi.

Mama Salma akanitazama. Nikameza ukoko, nikasema:

"Rudia."

Akarudia.